Wakuu, Kiingereza cha adabu kimenikosesha wageni. Tuwekane sawa kwenye "mind", "expect", "sorry" na wenzake

#1 Mapokezi wa Usiku

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nipo mapokezi kwenye hoteli moja ndogo hapa Moshi, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu nusu ni funguo, nusu ni kujibu imeili. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, kikaja kuongezewa cha kaunta. Nasema mapema ili mjue sijaja kufundisha mtu, nimekuja kuanika yaliyoniumiza.

Mwaka wangu wa kwanza kuna mama aliandika kutoka Uingereza: "Would you mind if we arrived after midnight?" Ndege yao ilikuwa inatua usiku. Mimi "mind" nilikuwa naijua moja tu, ile ya "mind the step", angalia ngazi. Nikaona ananiomba nizingatie kwamba watachelewa. Nikamjibu chapchap, tena kwa heshima zote: "Yes, we will mind. Thank you."

Usiku ule nikamwambia mlinzi asifunge geti. Mtori ukawekwa kwenye hotpoti. Saa saba, saa nane, saa kumi, kimya. Walilala kwingine, vyumba viwili, siku tatu. Asubuhi bosi akafungua kompyuta, akaisoma imeili yangu kwa sauti mbele ya wapishi, kisha akaitafsiri. Nilikuwa nimemwandikia mgeni: "Ndiyo, tutachukia. Asante."

"Would you mind" inauliza kama jambo litakukera. Kwa hiyo anayekubali ndiye anayesema hapana: "Not at all", au "No, that's fine, we'll be up." Ukisema "Yes" umemfungia mtu mlango. Kwetu mtu akiomba ruhusa tunamjibu ndiyo, basi ulimi unatangulia kabla ya akili.

Hii ina ndugu yake, na huyo ananisumbua mpaka leo. Mgeni akiuliza "Don't you have hot water?" sisi tunajibu "Yes", maana kwa Kiswahili "Hamna maji ya moto?" jibu ni "Ndiyo, hamna." Tunakubaliana na muulizaji. Mwingereza hakubaliani na mtu, anaangalia kama maji yapo au hayapo. Kama hayapo ni "No, we don't, I'm afraid." Ukimwambia "Yes" anavua nguo, anaingia bafuni, halafu anakupigia simu ya ndani na sauti yake unaijua.

Nilichojifunza kwa miaka yote hii ni kwamba ukikosea spelingi, mgeni anaona umekosea spelingi. Ukikosea neno la adabu, haoni kama umekosea. Anaona ndivyo ulivyo. Hakuna anayerudi kukusahihisha, anakupita tu.

Mengine yaliyonipata kaunta:

"Expect" na "hope". Kwetu yote ni natarajia. Nilikuwa namalizia kila imeili na "I expect your reply soon." Kumbe hiyo ni lugha ya mwenye nyumba anayedai kodi. Mtu mpole anasema "I hope to hear from you" au "I look forward to hearing from you." Angalieni hapo, ni "hearing", siyo "to hear", hata kama sikio linakataa.

"By" na "until". Hadi yetu inabeba yote mawili. Niliwahi kumwandikia mtu "Your room will be ready until 2 p.m." Nilitaka kusema ikifika saa nane mchana chumba kitakuwa tayari. Yeye alisoma kwamba ikifika saa nane chumba basi tena. Akafika saa tano asubuhi na mabegi yake, amekunja uso, na chumba hata hakijafagiliwa.

Na "sorry". Wageni wakishuka mlimani kwa lango la Mweka, wamechubuka midomo, wanatembea kama bata, mimi roho inaniambia niwape pole. Siku moja nikamwambia mzee mmoja "Sorry for the mountain." Akasimama. Akaniuliza "Why, what happened?" Alidhani nina habari ya msiba. Pole na mlima haina Kiingereza chake, wakuu. Nimetafuta miaka yote. Sasa hivi nasema "You must be exhausted, have a seat," na kiti nakivuta mwenyewe. Pole na safari nayo usiitafsiri, uliza tu "How was your journey?"

Leteni na yenu. Naomba kuwasilisha.

#2 Bishabisha

Mkuu umeandika vizuri ila mimi napinga. Wachina wanauza dunia nzima na Kiingereza cha vidole. Muitaliano anaongea kama anagombana na tunamwelewa. Kwa nini sisi tu ndio tujikondeshe? Huyo mama wa Uingereza angekuwa na nia angeuliza tena.

#3 Mapokezi wa Usiku

Bishabisha, Mchina anauza simu. Mimi nauza kitanda na tabasamu. Simu hata muuzaji akinuna inapiga.

Halafu siongelei lafudhi. Lafudhi yangu ni ya Kibosho na siigusi.

#4 Mwalimu wa Zamu

Nimekaa nimesoma hadi mwisho. Mimi nafundisha kidato cha kwanza, na hawa watoto nawapokea wakitoka miaka saba ya kusoma kila kitu kwa Kiswahili, ghafla biolojia inakuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo makosa haya nayaona yakiwa bado mabichi.

La kwanza kila mwaka: "Borrow me your pen, please." Darasa zima linacheka anayesahihishwa, kesho wanarudia wote. Sababu ni kitenzi chetu wenyewe. Kuazima kwa Kiswahili kunakwenda pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, na jirani kaniazima jembe. Neno moja, jembe ndilo linahama. Kiingereza kimegawa, anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Mimi siwaambii wakariri, nawaambia wafikirie pesa. Kwenye pesa Kiswahili nacho kimegawa: nakopa, nakopesha. Basi "borrow" ni kopa, "lend" ni kopesha. Ukitaka mtu akupe elfu tano huwezi kumwambia "nikope", unamwambia "nikopeshe". Tangu nianze hivyo wanaokosea wamepungua, ingawa kuna mmoja aliniandikia kwenye mtihani kwamba benki "borrows people", nikabaki namtazama.

Kumbuka na kumbusha ni hivyo hivyo. "Please remember me to pay the fees" hapana, ni "remind me". Ila msije mkashtuka mkisikia "Remember me to your mother." Hiyo ni sahihi kabisa, ya kizamani kidogo, maana yake nisalimie mama.

La hatari kuliko yote kwangu ni "had better". Vitabuni tunaiita ushauri: afadhali, ni bora. Mtoto akikua anaajiriwa, anamwandikia mteja "You had better pay before Friday." Kaandika kistaarabu anavyojua, mteja kasoma: lipa kabla ya Ijumaa, la sivyo utaona. Kati ya marafiki haina neno, "you'd better take an umbrella". Kwa mteja au mkubwa wako iacheni kabisa. Semeni "It would be best to pay before Friday", au omba kabisa: "Could you please pay by Friday?"

#5 Wa Thika Road

Wadau, kutoka Kenya tuko hapa. Kwetu tunajidai Kiingereza tunakijua, lakini tuna chetu.

Binamu yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Leeds. Wiki ya kwanza akamwambia mwenzake wa kazini, mwanamume wa watu ana bibi na watoto, "Flash me when you get home." Alitaka amflashie, ile simu ya kukata kabla haijapokelewa, ninyi mnaita kubipu. Huko "flash me" ni kumwambia mtu akufunulie mwili. Jamaa alienda nyumbani bila kusema bye.

Ya pili, kukutana na mtu baada ya muda mrefu na kumwambia "You are lost!" Umepotea, si ndio? Mzungu anajibu "No, I live here."

Na nyinyi wa hoteli chungeni "escort". Sisi tukisindikiza mgeni tunasema "let me escort you." Kama kitenzi inapita, ijapokuwa ina harufu ya polisi. Ukiifanya nomino umeharibu. Nishaona karatasi chumbani mahali fulani pwani imeandikwa kwamba mgeni akichelewa usiku apige mapokezi na "our escort will come to your room". Hebu fikiria mzee na mkewe wanasoma hiyo.

#6 Mapokezi wa Usiku

😂😂 Wa Thika Road, hiyo nimeichapa na kuibandika ukutani ofisini. Sisi tunasema "Someone will walk you to your room." Nyingine ya karatasi za chumbani: "complementary water". Kwa "e" ni kitu kinachokamilisha kingine. Maji ya bure ni "complimentary", kwa "i". Ukichanganya hakuna anayekasirika, ila fundi wa mabango anakula hela mara mbili.

Ambayo watu wanakasirika ni "Please be quite" kwenye korido. "Quiet" ni kimya. "Quite" yenyewe ni kigeugeu: Mmarekani akiandika chakula kilikuwa "quite good" mara nyingi anakisifu, Mwingereza akiandika hivyo hivyo mara nyingi anasema kinalika. Tulishawahi kununua soda kusherehekea "quite nice" ya Mwingereza. Bosi hakujua, na sikumwambia.

#7 Nipo Muscat

Assalaam aleykum. Mimi mtu wa Unguja, nipo Muscat mwaka wa kumi na mbili, duka la vitambaa. Nataka niongeze kuhusu "please", maana hapa ndipo nilipolielewa hata neno letu wenyewe.

Tafadhali tumeitoa kwenye Kiarabu, lakini tumeigeuza njia. Huku "tafaddal" humwambii mtu unayemwomba kitu, unamwambia unayempa. Unafungua mlango, tafaddal. Unavuta kiti, unasogeza kahawa, tafaddal. Ni karibu yetu hasa. Ukitaka kuomba unasema "min fadlak". Siku zangu za mwanzo nilikuwa naingia dukani kwa mtu, nanyoosha kidole kwenye bidhaa, nasema tafaddal. Muuzaji ananiangalia kama mimi ndiye ninayemgawia mali yake.

Sasa Waarabu wakiongea Kiingereza wanaibeba tafaddal yao, wanakushikia mlango huku wanasema "Please, please!" Nikaiga na mimi. Mzungu akisikia "please" na hajaona ombi anasubiri, anadhani kuna kitu unakitaka. Mlangoni ni "After you." Ukimpa mtu kitu mkononi ni "Here you are." "Please" ni ya anayeomba tu.

Na karibu yenyewe mniwie radhi, watu wanaiponda. Mtu akishukuru jibu ni "You're welcome." Mtu akiingia ni "Welcome." Karibu tena wanasema "You are welcome again", kumbe wenyewe wanasema "Do come again" au "Hope to see you again." Na karibu chakula usithubutu "welcome food". Wao hawana kabisa desturi ya kumkaribisha kila apitaye, kwa hiyo neno hawana. Ukitaka kumkaribisha kweli, "Would you like to join us?" lakini jua anaweza akakaa.

#8 Bishabisha

Anaweza akakaa 😂😂. Hapo nimekuelewa.

Ila nirudi kwenye hoja. Mimi ofisini kila siku naandika "Kindly revert" na hakuna aliyelalamika. Tena bosi wangu ndiye aliyenifundisha.

#9 Kisirani wa Ofisi

Hawalalamiki kwa sababu wote ofisini mwenu mmefundishwa na huyo bosi. "Revert" kwa maana ya kujibu inaeleweka vizuri kwa Wahindi na kwetu sisi. Mwingereza wa kawaida akiisikia anaelewa kurudi katika hali ya zamani, kama shamba lililoachwa likarudi kuwa pori. Na "revert back" ni kurudi kurudi. "Please reply" au "Please let me know" haijawahi kumuua mtu.

"Kindly" nayo kwetu ni asali, tunaipaka kila mahali. Kwao wengi inanusa ubao wa matangazo: "Kindly remove your shoes." Ukiirudia mara tatu kwenye imeili moja unaonekana umeshikilia rula. "Could you" inatosha.

Na mkome kuandika "Am fine", "Am writing to ask". Ni "I'm".

#10 Kijana wa Kampala

Huku kwetu tunawaambia watu "Well done" tukiwakuta kazini, hata kama hawajamaliza. Inatoka Kiganda, "gyebale ko", asante kwa kazi, karibu sawa na pole na kazi yenu. Mzungu mmoja alikuwa anabadilisha tairi, nikampitia nikamwambia "Well done!" Akanijibu kwa hasira kwamba hajafanya chochote bado. Nilikuwa namheshimu tu.

#11 Binti Kaloleni

Wakuu samahani kwa kuingilia. Nina barua ya kuomba kazi ya mapokezi, naipeleka kesho asubuhi. Naomba mnisahihishie, msinicheke.

"Dear Sir, The heading above is concerned. I am a girl aged 24 years. I beg to apply a job of receptionist at your hotel. Sorry for the disturbance. Please except my application and I expect your positive respond soon. Yours in building the nation."

#12 Mapokezi wa Usiku

Mdogo wangu, hakuna anayekucheka hapa. Mimi barua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko hii na niliichapisha stesheneri kwa mia tano. Twende mstari kwa mstari.

"The heading above is concerned" ni kile kichwa cha habari hapo juu chahusika tulichofundishwa wote. Lakini "concerned" ikikaa mwishoni hivyo maana yake ni kuwa na wasiwasi. Umemwambia meneja kwamba kichwa cha barua kina hofu. Kifute. Kichwa kipo, anakiona.

"I am a girl aged 24" futa pia. Umri upo kwenye wasifu.

"I beg" ni naomba yetu. Kiswahili naomba ni heshima, unaomba hata maji ya kunawa. "Beg" ni kupiga magoti. Mtu anayeomba kazi "applies", hapigi magoti. Na usisahau "for". "Apply" bila "for" ni kupaka, kama mafuta. "Apply a job" umepaka kazi.

"Sorry for the disturbance". Usumbufu wetu una sura nyingi. "Disturbance" ni vurugu, kitu ambacho jirani angeitia polisi. Kumkatiza mtu ni "Sorry to bother you." Tukikata maji hotelini tunaandika "Sorry for the inconvenience", na hapo kagua kwa macho yako, usiiachie kompyuta. Kuna neno linalofanana nalo, "incontinence", ambalo ni kushindwa kuzuia haja, na kompyuta haitaliwekea mstari mwekundu kwa sababu ni neno halali. Ila wewe hujamsumbua mtu. Unaomba kazi waliyoitangaza wao. Futa.

"Please except my application" hili ndilo lingekuumiza. "Accept" ni kupokea. "Except" ni isipokuwa. Umemwomba apokee maombi yote isipokuwa ya kwako.

"Positive respond": "respond" ni kujibu, jibu ni "response". Lakini usimpangie jibu liwe zuri. Mwachie.

"Yours in building the nation", wako katika ujenzi wa taifa, naipenda sana na ikiandikwa Kiswahili iache. Kwa Kiingereza, ukianza na "Dear Sir" bila jina unamaliza "Yours faithfully". Ukiwa na jina lake, la ukoo siyo la kwanza, unamaliza "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, Wamarekani wanaweka "Sincerely" na maisha yanaendelea.

Jaribu hivi:

"Dear Sir or Madam, I am writing to apply for the post of receptionist advertised at your gate last week. I have worked at a guest house front desk, and I speak Swahili and English. My CV is attached. I would be grateful for the chance to meet you. I look forward to hearing from you. Yours faithfully,"

Kama hujawahi kufanya kazi gesti usiandike. Weka kitu chako cha kweli. Hata kama ni duka la shangazi, kuuza duka ni kuhudumia watu.

#13 Binti Kaloleni

Asante sana kaka. Ni duka la mama kweli, miaka mitatu. Hapo pa "except" nimeshika kichwa, maana hoteli mbili nilishapeleka hivyo hivyo.

#14 Mwalimu wa Zamu

Binti, zipelekee tena. Na ukiitwa kwenye usaili wakakuuliza "Would you mind working nights?" unajibuje?

#15 Binti Kaloleni

"Not at all."

#16 Mwalimu wa Zamu

👏👏

#17 Bishabisha

Bado sijabadilika ila huyu binti akipata kazi mnijulishe. Mkuu mwenye uzi, na "I'm coming" je? Mimi mteja akinisubiri namwambia hivyo halafu naenda stoo.

#18 Mapokezi wa Usiku

Hiyo inawachanganya kweli. Kwetu anayeondoka kidogo anasema nakuja. Mzungu anasikia "I'm coming" huku anakuona mgongo. Sema "I'll be right back."

Kuna gari limeingia getini, wageni wa ndege ya usiku hawa. Nakuja.

#19 Bishabisha

Anakuja huku anaondoka.